Kwa nini githeri hukawia kuiva nyanda za juu

MPISHI aliyezoea kupika githeri Mombasa hushangaa anapohamia Eldoret. Mahindi na maharagwe ni yale yale, lakini hukawia zaidi kuiva. Wengi hulaumu makaa, ilhali kisa chenyewe ni hewa.

Hewa, ijapokuwa haionekani, ina uzito. Uzito huo hukandamiza kila kitu kilicho chini yake, na msukumo huo ndio wataalamu huuita kanieneo ya hewa. Katika usawa wa bahari, ni kama kilo moja juu ya kila sentimita mraba. Hatupondeki kwa sababu hewa na viowevu vilivyomo mwilini husukuma nje kwa kiasi icho hicho.

Kadiri mtu anavyopanda ndivyo hewa iliyo juu yake inavyopungua. Jijini Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ni pungufu kwa takriban sehemu moja kwa tano ikilinganishwa na Pwani.

Maji huchemka pindi mvuke wake unapopata nguvu ya kuishinda hewa inayoyakandamiza. Kanieneo ikiwa ndogo, joto dogo hutosha. Hivyo, maji huchemka kwa nyuzijoto 100 Mombasa, takriban 94 Nairobi, 93 Eldoret na karibu 84 katika kilele cha Lenana, Mlima Kenya.

Kuchochea moto hakusaidii. Maji yakishachemka, joto lake halipandi tena. Hukauka upesi tu, na makaa yakateketea bure. Ni heri kuloweka nafaka usiku kucha, kufunika sufuria na kupunguza moto.

Sufuria ya presha nayo hufungia mvuke ndani, kanieneo ikaongezeka na joto likapita nyuzi 110. Ndiyo maana chakula huiva haraka. Hata hivyo, isifunguliwe kabla ya mvuke wote kutoka, kwani yaliyomo yaweza kuruka na kumchoma mpishi vibaya.

Je, maji ya kunywa yaliyochemshwa nyanda za juu ni salama? Naam, joto hilo huua viini vya kipindupindu na homa ya matumbo. Wataalamu wa afya hushauri yaachwe yatokote kwa dakika moja, na dakika tatu katika maeneo yanayozidi mita 2,000, Eldoret ikiwemo.