Usiulaumu Ugali

Mgonjwa wa saratani ya umio huanza kwa kulaumu ugali. Tonge limekwama, anasema, kwa sababu lilikuwa kavu. Anakunywa maji, linashuka, anarudi kazini. Wiki zikipita nyama inakataa kupita, kisha wali, kisha hata ndizi za kuponda. Wengi hufika hospitali wakiwa wamebaki na uji mwepesi tu. Wengine wanatemea mate kwenye kikopo kwa kuwa hata hayo hayashuki. Uvimbe umekwisha kuuziba umio, yaani njia ya chakula.

Kuchelewa huko kunaonekana kwenye takwimu. Mwaka 2022, duniani kote waligunduliwa wagonjwa wapya wapatao 511,000 wa saratani hii, na waliokufa kwayo walikuwa kama 445,000. Ni saratani chache ambazo hesabu ya wanaougua na hesabu ya wanaozikwa zinakaribiana hivyo.

Ugonjwa huu haukugawanywa sawasawa. Upo ukanda unaoshuka mashariki mwa Afrika, kutoka Ethiopia na Kenya, kupitia Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini, ambako saratani ya umio huonekana mara kwa mara. Kule Afrika Magharibi ni ugonjwa nadra. Kule Bomet nchini Kenya, madaktari wa Hospitali ya Tenwek wameripoti wagonjwa wenye umri usiofika hata miaka 30, ilhali kwingi duniani ni ugonjwa wa watu wazima sana. Mtafiti akiiona ramani ya namna hii hujiuliza: watu wa ukanda huu wanakula nini, wanakunywa nini, wanavuta hewa gani? Kwani kama chanzo kimo katika maisha ya kila siku, basi sehemu yake inaweza kuondolewa.

Jibu moja lilitafutwa kikombeni. Kilimanjaro, watafiti waliwaomba watu wanywe chai kama walivyozoea, wakapima joto lake. Wastani wa joto la funda la kwanza ulizidi nyuzi 70, na wanywaji wa chai ya maziwa walikunywa ya moto kuliko wa chai ya rangi. Mwaka uliofuata, 2016, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilitangaza kwamba vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Halikuyashtaki majani ya chai wala kahawa. Lililoshtakiwa ni joto.

Ushahidi ulizidi kupata nguvu kutoka jimbo la Golestan, kaskazini mwa Iran, ambako nako wapenzi wa chai ni wengi. Watu 50,045 walipimiwa joto la chai yao, kisha wakafuatiliwa kwa takriban miaka 10. Waliokunywa zaidi ya mililita 700 kwa siku, yaani vikombe vitatu hivi, kwa joto la nyuzi 60 au zaidi, hatari yao ilizidi kwa asilimia 90 ile ya waliokunywa kidogo na isiyo moto hivyo. Takwimu hiyo isimtie mtu kiwewe: kati ya watu wote hao, waliopata saratani ya umio walikuwa 317. Wanywaji wengi wa chai ya moto hawataugua. Lakini katika eneo ambalo ugonjwa tayari umekithiri, kuongezeka kwa hatari namna hiyo kuna maana ya makaburi mengi.

Chai inaumizaje? Utando wa ndani ya umio ni laini. Ukiunguzwa asubuhi na jioni, seli zake hulazimika kugawanyika upya ili kuziba kidonda, na kila seli inapogawanyika hunakili vinasaba vyake vyote. Anayenakili kitabu kizima kila siku hakosi kukosea herufi. Isitoshe, utando uliojeruhiwa hupenyeza kwa urahisi sumu za tumbaku, pombe na moshi.

Hata hivyo fumbo halijaisha. Mwaka 2021 wanasayansi walichapisha uchambuzi wa vinasaba vya uvimbe 552 kutoka nchi nane, Kenya, Tanzania na Malawi zikiwamo. Walitarajia kuona alama ya sumu fulani inayoueleza wingi wa ugonjwa katika baadhi ya maeneo. Hawakuiona; uvimbe wa nchi zenye wagonjwa wengi ulifanana na wa nchi zenye wachache. Inawezekana basi kwamba baadhi ya visababishi haviandiki makosa mapya katika vinasaba, bali vinazichochea seli zilizokwisha kukosewa ziote na kuenea.

Kwa hiyo asidanganyike mtu kwamba akipoza chai amemaliza kazi. Sigara, ugoro na pombe, iwe ya chupa au ya kienyeji, vimo katika orodha ya hatari. Vivyo hivyo moshi wa kuni katika jiko lisilo na pa kutokea hewa, meno yasiyotunzwa, na sahani isiyoona matunda wala mboga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya asilimia 30 na 50 ya saratani zote zinaweza kuzuilika. Baadhi ya kinga hizo zinahitaji fedha, kama jiko lisilotoa moshi. Kupoza chai hakuhitaji hata senti. Wazee waliomimina chai kwenye kisahani, wakaipuliza, ndipo wakanywa, walikuwa na desturi inayofaa kurudishwa.

Na aliyekwisha kuugua? Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Hakuna ushahidi kwamba kikombe kile kiliponya saratani, na wapo wagonjwa walioacha dawa za hospitali kwa kukitumaini. Lakini foleni ile ilisema kweli: mgonjwa anatafuta mtu wa kumpokea, kumwombea, na kumtoza anachokimudu. Hospitali inayompa karatasi na tarehe ya kurudi bila kumsikiliza, yenyewe inampeleka kwenye foleni hiyo.

Tiba jumuishi ya kweli haimlazimishi mtu kuchagua kati ya mizizi na hospitali. Mmea wenyewe si adui wa hospitali: paklitaxeli, dawa inayotumika kutibu saratani ya umio, ilitoka kwanza kwenye magome ya mti wa misitu ya magharibi mwa Marekani. Tofauti ni kwamba ilipimwa, mpaka ikajulikana kiasi kinachoudhoofisha uvimbe na kiasi kinachomdhuru mgonjwa. Anayetumia miti shamba amweleze daktari bila kuona haya, maana baadhi ya mimea huvuruga utendaji wa dawa.

Uvimbe usipoweza kuondolewa, mrija wa wavu wa chuma huwekwa ndani ya umio, na mtu aliyekuwa akitema mate akakaa tena mezani na wanawe. Maumivu nayo yana dawa. Kampala, taasisi ya Hospice Africa Uganda iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993 ilionyesha kwamba mofini ya unga, ikichanganywa na maji, inaweza kumfikia mgonjwa nyumbani kwa gharama ndogo. Tangu 2004, sheria ya Uganda inawaruhusu wauguzi waliofunzwa kumwandikia mgonjwa dawa hiyo. Kila nchi ya ukanda huu inapaswa kufanya hivyo, kwa sababu kufa kwa maumivu si sehemu ya saratani. Ni upungufu wa huduma.

Chai isubiri dakika chache mezani. Na tonge likikwama mara ya pili, usiulaumu ugali. Nenda ukapimwe, nawe bado unaweza kula.