Sura ya 7: Mtoto Anayekoroma na Kimeo Kisicho na Kosa

Mzazi wa Kisumu Ndogo, Kibera, hahitaji kuambiwa kwamba mwanawe anakoroma. Familia ikilala chumba kimoja, kila mtu anamsikia. Shida ni maelezo anayopewa. Jirani mmoja humwambia mtoto amelala fofofo. Wa pili humwambia ni jini. Wa tatu anamjua mzee anayekata kimeo. Yote matatu hupotosha na kuchelewesha matibabu.

Mkoromo wa mafua huisha na mafua. Lakini mtoto anayekoroma karibu kila usiku, mara pumzi ikakatika, kifua kikavutika ndani na hewa isiingie, kisha akashtuka akitweta, huyo anapigania hewa. Wengi hulala wamekunja shingo nyuma, hutokwa na jasho, tena hukojoa kitandani ilhali walishaacha. Mchana, badala ya kusinzia, huwa watundu na hawatulii darasani, wakaadhibiwa kwa ugonjwa.

Jini hana nafasi hapa. Kinachoziba njia ni tonsili, zile nyama za pembeni mwa koo, na adenoidi, iliyojificha nyuma ya pua, ambayo huioni hata ukimulika mdomo kwa tochi. Daktari Wilhelm Meyer wa Copenhagen aliieleza adenoidi mwaka 1868, kwa hiyo fumbo liliteguliwa zamani. Katika miaka ya kwanza ya utoto nyama hizi zinaweza kuwa kubwa kuliko nafasi iliyopo, na misuli ya koo ikilegea usingizini, njia ya hewa hujifunga.

Kimeo, kile kinachoning'inia katikati, hakina kosa. Kukikata kwa wembe huacha tonsili na adenoidi palepale, na humletea mtoto damu isiyokoma, pepopunda, maambukizi, hata kifo. Hakuna mila inayostahili heshima kwa gharama hiyo.

Tiba ni kuondoa tonsili na adenoidi kwa upasuaji. Hapa zilipaswa kufuata hatua zake, lakini mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, lazima atangulie. Familia nyingi za Kisumu Ndogo zina asili ya kandokando ya Ziwa Victoria, ambako malaria ya karne nyingi imefanya selimundu kuwa ya kawaida, kwa kuwa anayerithi jeni moja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Mtoto aliyerithi mbili, oksijeni ikishuka usiku, chembe zake nyekundu hujikunja na kukwama mishipani, na maumivu huanza. Watoto hawa pia huwa na tonsili kubwa mara nyingi. Kwa hiyo mkoromo wao usipuuzwe hata kidogo, na daktari wa usingizi wa dawa ajue mapema: huenda wakahitaji kuongezewa damu kabla ya upasuaji, na maji ya kutosha, joto na oksijeni wakati wote.

Upasuaji wenyewe hupitia mdomoni, mtoto akiwa amelazwa kwa dawa. Hakuna kovu nje. Kinga ya mwili haiporomoki, kwa kuwa tezi nyingine nyingi hufanya kazi hiyo. Wala si kila mtoto akatwe. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2013, wenye watoto 464 wa miaka 5 hadi 9, ulionyesha kwamba baada ya miezi 7 vipimo vya usingizi vilikuwa vya kawaida kwa asilimia 79 ya waliopasuliwa, na asilimia 46 ya waliosubiri. Mwenye dalili nyepesi anaweza kusubiri akichunguzwa. Anayekatika pumzi asisubirishwe.

Utando mweupe kooni baada ya upasuaji ni dalili ya kupona, usiukwangue. Damu ni jambo jingine: ikitoka, hata siku ya 5 hadi ya 10, nenda hospitali mara moja. Usimpe kodeini wala aspirini.

Leo usiku, mrekodi mwanao anayekoroma kwa simu dakika mbili akiwa usingizini, umpelekee daktari wa masikio, pua na koo. Akiwa na selimundu, taja hilo kwanza.