Paka Akizaa Nyumbani: Namna ya Kumtunza Mama na Watoto Wake

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Pumwani na Shauri Moyo hata Kaloleni, Makongeni, Bahati na Jericho, ni watu wachache wasiojua kazi ya paka. Nyumba nyingi za huko zilijengwa ziwe na chumba kimoja au viwili, na mwenye nyumba huweka humo humo kitanda chake, jiko lake na debe lake la unga. Panya naye anayajua hayo. Mji huu umepata kupata hasara kubwa kwa sababu ya panya: mwaka 1902 tauni iliingia katika soko la Wahindi, na soko zima likachomwa moto kwa amri ya wakubwa. Basi mtu afugaye paka hafanyi mchezo wa watoto, bali ameajiri askari wa usiku asiyedai mshahara.

Lakini siku ambayo watu humsahau kabisa askari huyu ndiyo siku anayozaa. Wengi husema, "Paka anajua mwenyewe." Maneno hayo ni kweli kwa sehemu kubwa, wala mwandishi wa habari hizi hataki kumgeuza kila msomaji kuwa mkunga wa paka. Hata hivyo, paka wa porini ana pori zima la kuchagua mahali pa kujificha, na paka wa Maringo ana chumba kimoja chenye watoto wanne, redio, na wageni wa Jumapili.

Paka huchukua mimba kwa muda wa wiki 9 hivi, yaani siku 63 hadi 65. Yapata wiki ya tatu chuchu zake huvimba kidogo na kuwa nyekundu, na kufikia wiki ya tano tumbo huonekana wazi. Tangu hapo yafaa aongezwe chakula kidogo kidogo, maana paka kwa maumbile yake ni mla nyama, na ugali uliotiwa maziwa haumtoshi hata kidogo. Si lazima kutumia fedha nyingi. Vipande vya nyama visivyonunuliwa katika soko la Burma, dagaa wa Gikomba waliooshwa chumvi, yai lililopikwa, na maini kidogo mara moja kwa wiki, vyote hivi ni chakula chema. Mifupa iliyopikwa asipewe, kwa sababu huvunjika vipande vyenye ncha kali. Wala asipewe dawa yo yote ya minyoo au ya viroboto pasipo shauri la daktari wa wanyama. Ziko dawa za viroboto zinazomfaa mbwa ambazo humwua paka.

Jambo jingine lipasalo kuangaliwa ni sumu ya panya inayouzwa kando ya barabara. Panya aliyekula sumu huenda polepole, na paka mwenye mimba, ambaye mwili wake umekuwa mzito, humkamata panya wa namna hiyo kwanza. Mtu hawezi kuweka paka na sumu katika nyumba moja, achague mmoja.

MAHALI PA KUZALIA

Yapata wiki mbili kabla ya siku zake, tafuta katoni kubwa ya dukani. Kata upande mmoja ili mama apate kuingia na kutoka, lakini uache ukingo wa kiasi cha sentimita 10 ili watoto wasianguke nje. Ndani tandika magazeti (hata gazeti hili, ukiisha kulisoma) na juu yake kitambaa safi kilichochakaa. Liweke mahali penye giza na kimya, kama vile chini ya kitanda au nyuma ya kabati, mbali na jiko. Ikiwa atalikataa na kuchagua sanduku lako la nguo, usigombane naye siku ile. Weka kitambaa safi chini yake, umwache.

Siku ikifika utamwona hatulii, anakwaruza matandiko, anakataa chakula, pengine anakufuata huku akilia. Huenda hali hiyo ikaendelea nusu siku au hata siku nzima. Kisha huanza kusukuma kwa nguvu, na mtoto wa kwanza hutoka. Kila mtoto huja ndani ya utando mwembamba. Mama huupasua kwa meno, humlamba mtoto mpaka alie, hukata kitovu, kisha hula kondo la nyuma. Watu wengine huchukizwa na jambo hili na kumnyang'anya, wasifanye hivyo. Watoto huwa 3 hadi 5 kwa kawaida, nao hufuatana baada ya dakika 10 hadi saa moja. Wengi hutangulia kwa miguu ya nyuma, wala hiyo si hatari. Tena wako paka wanaopumzika katikati, wakanyonyesha na kulala, kisha wakaendelea baada ya saa nyingi. Kama mama ametulia na anakunywa maji, hapana neno.

Hatari ni hizi: akisukuma kwa nguvu nusu saa nzima bila mtoto kutoka, mtoto akikwama, damu nyekundu ikimiminika bila kukoma, au mama akilegea asiweze kuinua kichwa. Hapo usivute kwa nguvu, bali mpeleke kwa daktari mara moja.

Ikiwa mama amechoka na kumwacha mtoto ndani ya utando, una dakika chache tu. Osha mikono, upasue utando penye mdomo, ufute pua, kisha msugue mtoto kwa taulo kavu mpaka alie. Kitovu kifungwe kwa uzi safi, kiasi cha sentimita 3 kutoka tumboni, kikatwe mbele ya fundo. Kisha mweke mtoto kwenye chuchu, kwa kuwa maziwa ya siku ya kwanza ndiyo yenye kinga ya maradhi.

BAADA YA KUZAA

Adui mkubwa wa mtoto wa paka ni baridi. Katika wiki ya kwanza mwili wake hauwezi kujipa joto, na usiku wa Julai katika Nairobi si mchezo. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa, ikiwekwa upande mmoja wa katoni, yatosha. Usiache jiko la makaa likiwaka usiku ndani ya chumba kilichofungwa kwa ajili ya kuwapa joto. Moshi wake usioonekana huua paka na mwenye nyumba pia.

Katoni isafishwe kwa sabuni na maji tu. Zile dawa za kuua vijidudu ambazo zikitiwa majini huyageuza kuwa meupe kama maziwa ni sumu kwa paka, kwani hulamba miguu yake mchana kutwa. Kadhalika vidonge vya maumivu vya parasetamoli: kimoja tu chaweza kumwua.

Mama apewe chakula mara mbili au tatu ya kawaida yake, na maji wakati wote. Mtoto huzaliwa akiwa na uzito wa gramu 100 hivi, na apaswa kuongeza gramu 10 au zaidi kila siku. Mwenye mizani ndogo aweza kuandika hesabu hiyo, karani hatashindwa. Mtoto asiyeongezeka kwa siku mbili ana shida. Maziwa ya ng'ombe humharisha. Uliza daktari maziwa yanayofaa.

Mama akitetemeka na kuyumba, au titi likiwa gumu na la moto, au akitoa uchafu wenye harufu mbaya, asingojewe mpaka kesho. Chuo Kikuu cha Nairobi kina madaktari wa wanyama huko Kabete, na chama cha kutunza wanyama, KSPCA, kiko Karen. Kote kuwili ni mbali na Eastlands, matatu mbili kwa uchache. Basi tafuta mapema daktari aliye karibu, na uwe na kikapu chenye kifuniko.

Mwanamke mwenye mimba asishike mavi ya paka, maana yaweza kuwa na ugonjwa unaomdhuru mtoto aliye tumboni. Mtu mwingine ayatoe kila siku, kisha anawe kwa sabuni.

Macho ya watoto hufunguka baada ya siku 7 hadi 14. Wiki ya nne huanza kula chakula laini, na kabla ya wiki ya nane wasitolewe kwa jirani. Wakitimiza miezi mitatu wachanjwe kichaa cha mbwa, ugonjwa uliothibitishwa nchini mara ya kwanza mwaka 1912 katika mbwa mmoja kando ya Nairobi, nao haujatutoka hata sasa.

Wale watoto wanaokutwa ndani ya mfuko juu ya jaa la takataka hutupwa na watu waliochoka kugawa paka. Uchovu huo twaujua. Lakini paka aweza kushika mimba nyingine angali ananyonyesha, na kuzaa mara mbili au tatu kwa mwaka. Kumtupa mtoto hakupunguzi hesabu hiyo. Daktari aweza kumfunga kizazi mama mara maziwa yake yakaukapo, yapata wiki mbili baada ya watoto kuachishwa. Mpaka siku hiyo mlango ufungwe usiku, madume wabaki nje.