Kitale na Bungoma ni majirani, lakini pakiti zao hukutana Nairobi

Ukitoka Kitale kwenda Bungoma unapita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, unafika Webuye, kisha unashika kulia. Kwa mstari wa ndege ni kama kilomita 70 tu. Ujumbe wa kompyuta ukitumwa kati ya miji hiyo miwili mara nyingi hauifuati barabara hiyo. Unateremka kwanza hadi Nairobi, ambako kutoka Kitale ni karibu kilomita 380, halafu unapanda tena magharibi mpaka Bungoma.

Mimi ni mtu wa Mombasa, ila kazi yangu ya kufunga mitandao ya kompyuta imeniweka Kitale kwa miaka kadhaa sasa. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: kwa nini faiba ikikatwa huko mbali, upande wa Nakuru kwa mfano, sisi wa huku tunashindwa kuonana na jirani?

Anayeliuliza kwa uchungu zaidi ni mama mmoja mfanyabiashara wa nafaka. Ana ghala Kitale na jingine Bungoma, na mizani ya kote kuwili imeungwa na kompyuta moja ya hesabu iliyoko Bungoma. Lori likipimwa Kitale, risiti haitoki mpaka Bungoma ijibu. Msimu mmoja wa mavuno mtandao ulikatika saa nne asubuhi ukarudi jioni. Malori saba yalipanga foleni nje, madereva wakidai pesa za kulala, wingu likitanda juu ya mahindi ambayo hayakuwa na turubai. “Mwanangu,” aliniambia, “Bungoma si hapo tu nyuma ya mlima? Nakuru inaingiaje katika mahindi yangu?”

Jibu lake ni refu kidogo, na sisi wa Pwani linatuhusu kuliko tunavyodhani.

Tuanze na simu ya waya ya zamani. Ukipiga kutoka Mombasa hadi Kitale, mitambo ilikushikia njia nzima tangu mwanzo hadi mwisho. Hata mkinyamaza dakika tano, njia ilikuwa yenu, na hesabu iliendelea. Katika miaka ya 1960 Paul Baran kule Marekani na Donald Davies kule Uingereza, kila mmoja kivyake, walifikia wazo jingine: ukate ujumbe vipande vidogo, kila kipande kiwe na anwani yake, na vyote vipite katika njia zilezile pamoja na vipande vya watu wengine. Davies ndiye aliyeviita pakiti.

Wakenya tunalijua jambo hili kwa sura ya mzigo unaotumwa kwa matatu. Karani wa steji ya Kitale anaandika jina la mpokeaji, namba ya simu na mji. Nyumba ya mpokeaji haijui, wala hana haja ya kuijua. Anachojua ni gari lipi linaelekea upande huo. Mzigo ukishuka Webuye, karani wa pale anaangalia jina la mji na kuupandisha gari lake. Hakuna hata mmoja kati yao anayeijua safari nzima, na bado mzigo unafika.

Pakiti ya kawaida haizidi baiti 1,500. Picha ya simu ya megabaiti 3 basi inakatwa pakiti zaidi kidogo ya 2,000, kila moja ikiwa na anwani ya mtumaji, anwani ya mpokeaji na namba ya mfuatano. Zinaweza kupita njia tofauti na kufika shaghalabaghala. Kompyuta inayopokea ndiyo inayozipanga, na ikiona moja imepotea humwomba mtumaji airudie. Mitambo ya katikati haina habari na hayo. Ikizidiwa na foleni hutupa pakiti, basi. Haiombi radhi wala haitoi taarifa. Wengi hudhani ni ubovu, lakini ndivyo ilivyokusudiwa: uangalifu wote umewekwa kwenye ncha mbili ili katikati pawe pepesi.

Mitambo hiyo ya katikati ni ya aina mbili, na mafundi wa mtaani huichanganya sana.

Ya kwanza ni swichi. Katika ghala la Kitale ni kisanduku chenye matundu manane, kimeshika kompyuta, mizani na kamera. Swichi haijui Bungoma wala Nairobi. Inajua namba ya kiwandani ya kila kifaa kilichochomekwa kwake, na yenyewe hujifunza bila kufundishwa. Mfano wake ni bawabu mgeni katika jumba la kupanga. Akimwona mtu anatoka mlango wa tatu, anaweka kichwani kwamba fulani anakaa mlango wa tatu. Akiletewa barua ya mtu asiyemjua, anabisha milango yote mara moja, na mwenyewe akiitika hamsahau. Kifaa kikikaa kimya kwa dakika tano hivi, swichi nyingi hukifuta kichwani na kuanza upya.

Udhaifu wake ni kwamba vipande vinavyozunguka ndani ya swichi havina kikomo cha safari. Katika shule moja nilikuta mtu amechomeka ncha zote mbili za waya mmoja katika swichi ileile, pengine kwa nia ya kupanga nyaya vizuri. Tangazo moja dogo lilikuwa linazunguka na kujizalisha mpaka mtandao wa shule nzima ukalala. Dawa ilikuwa kuchomoa waya mmoja. Swichi za bei ya juu hutambua mzunguko kama huo na kufunga tundu zenyewe, zile za bei nafuu hapana.

Ya pili ni ruta, na hii ndiyo karani wa steji. Ruta husoma anwani ya IP, zile namba nne zenye nukta katikati, kila moja kati ya 0 na 255. Haihitaji kuisoma yote kwa makini. Inatazama sehemu ya mbele kama karani anavyotazama jina la mji kabla ya jina la mtu. Kisha inafungua jedwali lake: anwani zinazoanza hivi, pitisha tundu hili, zinazoanza vile, pitisha lile. Mistari miwili ikilingana na anwani moja, ule ulio mahususi zaidi ndio unaoshinda. Kila ruta pia hupunguza moja katika hesabu ya umri iliyoandikwa juu ya pakiti. Simu nyingi huanza na 64. Hesabu ikifika sifuri, pakiti hutupwa na mtumaji hujulishwa, ili isizunguke duniani milele kama ule waya wa shuleni.

Ruta kubwa za dunia huwa na mistari zaidi ya laki tisa katika majedwali yake. Ruta ya mama wa mahindi ina mitatu. Wa kwanza unasema vifaa vya ghala viko hapa ndani. Wa pili unaeleza njia ya kwenda kwa kampuni ya intaneti. Wa tatu unasema chochote usichokijua, kipeleke kwa kampuni hiyo. Kwa ruta ya Kitale, Bungoma ni “usichokijua” sawa na Tokyo. Hakuna ramani ndani yake, wala haijui kwamba kuna mji nyuma ya mlima.

Pakiti ikishafika kwa kampuni, ruta za kampuni hiyo huambiana hali ya njia zao na kuchagua iliyo nafuu. Kama Bungoma nayo ingekuwa imeungwa na kampuni hiyohiyo, pengine pakiti ingegeukia hukuhuku magharibi. Lakini ghala la Bungoma lilikuwa limechukua laini ya kampuni nyingine kwa sababu ilikuwa rahisi kwa mia kadhaa za shilingi. Hapo ndipo hesabu ya kilomita inapokoma na hesabu ya pesa inapoanza. Kampuni mbili hupeana pakiti pale tu zilipokubaliana kukutana, na utaratibu wa kutangaziana njia, uitwao BGP, hufuata mapatano hayo. Kampuni hutangaza “anwani hizi zinapatikana kwangu” kwa yule inayemtaka, na kunyamaza kwa mwingine. Hata kama faiba zao zimelala katika mtaro mmoja kando ya barabara ya Webuye, pasipokuwa na mapatano hapo, pakiti itakwenda mpaka yalipo.

Na mapatano yalipo kwa Kenya, kwa sehemu kubwa, ni Nairobi. Kituo cha KIXP kinaendeshwa na TESPOK, jumuiya ya kampuni za intaneti, na kiini chake ni swichi: ndugu mkubwa wa kile kisanduku cha ghalani. Kila kampuni inaleta waya wake, na wote wanapeana pakiti humo. Kilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 2000, na mara Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya nje, ikapinga. Tume ya mawasiliano ya wakati huo, CCK, ikakifunga. Kilirudi Februari 2002 baada ya mvutano mrefu.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa ya kuchekesha kama si ya gharama. Barua pepe kati ya ofisi mbili za Nairobi zenye kampuni tofauti ilirushwa kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu, ikashuka ng’ambo, ikabadilishwa mikono huko, ikarudi kwa setilaiti. Safari ya kupanda na kushuka peke yake ni robo sekunde, na hapo zilikuwa mbili kwenda na mbili kurudi: sekunde nzima kwa swali na jibu, kila hatua ikilipiwa kwa dola.

Setilaiti ilipoteza kazi hiyo mwaka 2009, mkonga wa TEAMS kutoka Fujairah na ule wa SEACOM ulipotua Mombasa. Sisi tulio ufuoni tumelala juu ya mlango wa nchi bila kuutazama. Februari 2012 meli ilitia nanga mahali palipokatazwa nje ya bandari ya Mombasa ikaukata TEAMS. Tarehe 12 Mei 2024 mikonga ya EASSy na SEACOM ilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Kenya na Tanzania ikawa ya kukokota. Kumbuka haikuzimika. Ruta ziliondoa matangazo ya njia zilizokufa na kuelekeza pakiti kwenye mikonga iliyobaki, ila hiyo haikuwa na nafasi ya kubeba mzigo wote. Foleni zikajaa, pakiti zikatupwa, zikaombwa upya. Hata siku kama hizo baadhi ya video hucheza vizuri, kwa kuwa kampuni kubwa kama Google huweka nakala za vitu vinavyotazamwa sana ndani ya nchi.

Turudi ghalani. Mwanga hupita ndani ya faiba kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko wa kilomita 800 kupitia Nairobi unakula milisekunde 4 tu. Mama hakuwa na shida ya mwendo. Shida yake ni kwamba alitegemea kilomita 800 za faiba mahali ambapo 80 zingetosha, na kila tingatinga linalochimba mtaro katika hizo 800 ni adui yake.

Tulifanya mambo mawili. Ghala zote mbili sasa ziko kwa kampuni moja, na kila moja ina laini ya akiba ya kampuni nyingine. Ruta ikiona ya kwanza haijibu, inahamia ya pili yenyewe. La pili ndilo lililomfurahisha zaidi: mizani ya Kitale inaandika kwenye kompyuta ya papo hapo, inatoa risiti, halafu inapeleka hesabu Bungoma njia ikipatikana. Mtaro ukichimbwa tena, lori halisubiri.

Kwa maoni yangu kaunti za magharibi, zinazolipia intaneti ya ofisi na hospitali nyingi, zina nguvu ya kuziambia kampuni: tunanunua kwenu mkikubali kukutana Eldoret au Kisumu. Swichi si ghali. Kinachokosekana ni mnunuzi mkubwa wa kulisema hilo mezani. Mombasa TESPOK ina kituo chake, na ni haki ya mteja wa Likoni au Kisauni kuiuliza kampuni yake kama imeungwa hapo au pakiti za kwenda Nyali zinapandishwa Nairobi kwanza.

Unaweza pia kuangalia mwenyewe. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri, andika tracert, acha nafasi, kisha anwani ya tovuti unayotaka. Programu hiyo hutuma pakiti zenye umri wa 1, halafu 2, halafu 3, na kila ruta inayoziua hujitaja. Milisekunde zikiruka ghafla kutoka 10 au 20 hadi zaidi ya 100, hapo pakiti zako zimeshaingia baharini. Na ukiona nyota tatu mahali pa jina usishtuke. Mara nyingi ni ruta iliyokataa kujitaja, na safari inaendelea mstari unaofuata.