Injini Isiyowaka Nayo Yataka Oili

HUENDA wewe msomaji umenunua, au unapiga hesabu ya kununua, gari lenye mota za umeme na injini ya petroli, lile linalochajiwa nyumbani. Ukiishi Gilgil, waweza kuwapeleka watoto shuleni, ukaenda sokoni na kurudi bila injini kuwaka. Ndipo wengi hudhani kuwa injini isiyotumika haiharibiki. La hasha!

Chukua mfano wa Mitsubishi Outlander PHEV, lililoanza kuuzwa Japani mwaka wa 2013. Gari hili huenda kwa njia tatu. Kwanza, kwa umeme wa betri pekee. Pili, injini huwaka kuzalisha umeme wa kuendesha mota. Tatu, katika mwendo wa kasi, injini yenyewe husukuma magurudumu huku mota zikisaidia. Gari hujichagulia njia, lakini dereva ana swichi mbili: SAVE, ya kuhifadhi umeme uliomo, na CHARGE, ya kuamuru injini ijaze betri.

Tuseme unaenda Nairobi. Baada ya Naivasha utapanda kupitia Kinungi hadi Soko Mjinga. Ukimaliza umeme mapema, injini itahangaika mlimani. Basi bonyeza SAVE ungali Gilgil, mota zipate nguvu ya kusaidia kupanda. Wakati wa kurudi, usibonyeze CHARGE ukikaribia mteremko huo. Mota huzalisha umeme zinapopunguza mwendo, na betri iliyojaa haina pa kuuweka. Hapo breki zitaachiwa kazi zaidi, na malori yako mbele na nyuma yako.

Sasa turudi kwa injini. Asubuhi za Gilgil ni baridi. Injini ikiwaka dakika chache na kuzimika kabla ya kupata moto, unyevu na petroli huingia katika oili na kuidhoofisha. Kwa hivyo fuata kitabu cha gari: badilisha oili kwa kilomita au kwa miezi, lolote litakalotangulia. Usikubali kuambiwa ungoje kwa sababu kilomita hazijafika.

Petroli nayo huharibika ikikaa miezi mingi. Usijaze tangi ikiwa huitumii. Mara moja kwa mwezi, bonyeza CHARGE uende Nakuru na kurudi, injini ipate moto sawasawa.

Mwisho, linda maisha. Nyaya za rangi ya machungwa zina umeme wa takriban volti 300; asiziguse fundi ambaye hajafunzwa kazi hiyo. Tena gari hili likinyamaza si kwamba limezimwa. Injini yaweza kuwaka ghafla mkono wa fundi ukiwa kwenye mkanda. Kabla ya boneti kufunguliwa, hakikisha gari limezimwa kabisa, na ufunguo uwe mbali nalo.