Kikosi Kabla ya Matokeo: Namna ya Kuitazama Mechi ya Kirafiki ya Taifa Stars

Mechi ya kirafiki ya timu ya taifa, ambayo magazeti ya michezo huiita pia mchezo wa kujipima nguvu, haigombewi kombe wala nafasi ya kufuzu, na kwa sababu hiyo ingetarajiwa izue mabishano machache kuliko mechi ya mashindano. Nchini Tanzania hali ni kinyume. Kila Taifa Stars inapotangaza kikosi cha mchezo wa namna hiyo, vijiwe vya kahawa, studio za redio na vibanda vya kuoneshea mpira hujaa hoja kuhusu nani ameitwa, nani ameachwa na nani amepangwa nafasi isiyo yake. Kisha mpira ukimalizika, hoja zote hizo humezwa na matokeo. Mazoea hayo ndiyo yanayowafanya mashabiki wengi waisome vibaya mechi ambayo thamani yake imo zaidi katika orodha ya wachezaji kuliko katika ubao wa mabao.

Kumbukumbu za Stars zenyewe zinatosha kuwa ushahidi. Juni 2019, ikijiandaa kwa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) baada ya kuzikosa tangu mwaka 1980, timu hiyo chini ya Emmanuel Amunike wa Nigeria ilifungwa bao 1-0 tu na wenyeji Misri na kutoka sare ya 1-1 na Zimbabwe, matokeo ambayo kwa macho ya kawaida yalitia moyo. Katika fainali zenyewe ilipoteza mechi zote 3: 2-0 kwa Senegal, 3-2 kwa Kenya baada ya kutangulia mara mbili, na 3-0 kwa Algeria. Januari 2024 ilichapwa 2-0 na Misri hiyohiyo kabla ya fainali za Ivory Coast, ikaanza fainali kwa kipigo cha 3-0 kutoka kwa Morocco, lakini ikapata sare ya 1-1 na Zambia na suluhu na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tena katikati ya msukosuko wa kocha Adel Amrouche kusimamishwa na mikoba kuchukuliwa na Hemed Suleiman, ambaye kwa kichekesho cha bahati anajulikana zaidi kwa jina la utani la Morocco. Aliyetabiri kwa kuangalia mabao ya mechi za maandalizi alikosea mara zote mbili.

Kocha wa timu ya taifa, tofauti na mwenzake wa klabu, hakai na wachezaji wake kila siku, bali huwapata katika vipindi vilivyowekwa kwenye kalenda ya FIFA, ambavyo klabu hulazimika kuwaachia wachezaji walioitwa na ambavyo kwa kawaida ni vya siku 9 hivi zenye mechi 2. Ukiondoa safari na siku za kupumzisha miguu, mazoezi ya kikosi kizima hubaki machache mno, na ndiyo maana mchezo wenyewe hugeuzwa kuwa sehemu ya mazoezi. Kikosi cha kwanza, yaani wale 11 wanaoanza, kwa hiyo si lazima kiwe kile ambacho kocha anakiamini kuliko vyote. Mfano mzuri ni Novatus Dismas, ambaye katika safari yake ya soka la Ulaya amecheza beki wa kushoto na vilevile kiungo, yaani mchezaji wa eneo la kati anayeunganisha ulinzi na ushambuliaji. Suala la wapi mchezaji wa aina hiyo aisaidie zaidi timu ya taifa haliwezi kumalizwa na mazoezi ya asubuhi. Linahitaji mpinzani mwenye winga mwenye kasi na dakika za kutosha za kumkimbiza. Pale ambapo shabiki anaona kosa la kupanga, huenda kocha anataka kujua atafanya nini siku beki wake wa kushoto atakapokuwa anatumikia adhabu ya kadi za njano.

Mabadiliko nayo yana uzito wake. Zamani kocha aliweza kubadilisha timu nzima, kama Sven-Göran Eriksson alivyofanya Februari 2003 alipoingiza wachezaji 11 wapya wa England baada ya mapumziko dhidi ya Australia, katika mchezo waliofungwa 3-1. Mwaka uliofuata IFAB, bodi inayosimamia sheria za soka duniani, iliweka kikomo cha wachezaji 6 wa akiba. Hata kwa kikomo hicho zaidi ya nusu ya timu inayomaliza yaweza kuwa si ile iliyoanza, na bao la dakika ya 80 laweza kuingia katika ukuta wa mabeki ambao hawajawahi kucheza pamoja. Bao la namna hiyo halielezi mengi kuhusu timu itakayoshuka uwanjani siku ya mashindano.

Lililo gumu zaidi katika mjadala wa kikosi ni Simba na Yanga. Mashabiki wa klabu hizi mbili huhesabu majina kabla ya kuangalia nafasi, na uteuzi wowote unaoelemea upande mmoja hupokewa kama uadui, hata pale sababu inapokuwa ya nidhamu, kama mwaka 2018 Amunike alipowaengua wachezaji kadhaa wa Simba waliochelewa kuripoti kambini. Jambo linalostahili kelele zaidi ni dakika za kucheza. Kanuni za Ligi Kuu zimeruhusu klabu kusajili hadi wachezaji 12 wa kigeni, na klabu zenye fedha huwatumia wengi wao katika ushambuliaji, kwa hiyo mshambuliaji mzawa anaweza kuwa na jezi ya klabu kubwa huku msimu ukipita akiwa benchi. Mchezaji wa jinsi hiyo humfikia kocha wa taifa akiwa na jina kubwa na miguu mizito, na mechi ya kirafiki ndiyo mahali pekee pa kumpima bila kuhatarisha pointi za kufuzu.

Pointi za viwango vya ubora vya FIFA, hata hivyo, huguswa. Tangu Agosti 2018 hesabu hiyo huipa mechi ya kirafiki iliyochezwa ndani ya kalenda uzito wa 10, iliyochezwa nje ya kalenda uzito wa 5, na ya kufuzu uzito wa 25. Uzito huo huzidishwa kwa tofauti kati ya matokeo yaliyopatikana na yaliyotarajiwa. Timu mbili zenye pointi sawa zikikutana kirafiki ndani ya kalenda, mshindi huongeza pointi 5, ilhali ushindi huohuo katika mechi ya kufuzu ungempa 12.5. Timu iliyoachwa na mpinzani wake kwa pointi 300 hupoteza takriban pointi 2.4 ikifungwa, lakini hujipatia 7.6 ikishinda, na idadi ya mabao haihesabiwi kabisa. Kwa hesabu hii, kumwogopa mpinzani mkubwa ni hofu isiyo na msingi. Machi 2024 Stars ilicheza mechi mbili mjini Baku, Azerbaijan, ikafungwa 1-0 na Bulgaria na kuifunga Mongolia 3-0. Furaha ilikuwa katika ile ya pili, ila funzo lililokuwa la maana kwa benchi la ufundi lilikuwa katika ile ya kwanza.

Zipo pia mechi za kirafiki ambazo ni tamasha, na hakuna ubaya zikiitwa hivyo. Tarehe 7 Juni 2010 Brazil, ikielekea Kombe la Dunia la Afrika Kusini, iliifunga Stars ya Marcio Maximo 5-1 katika Uwanja wa Taifa, ambao sasa ni Uwanja wa Benjamin Mkapa. Robinho alifunga mawili, Ramires aliyetokea benchi mawili, Kaká moja, na bao la Jabir Aziz dakika za mwisho likapokewa kama ubingwa.

Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) na benchi la ufundi wangefanya vyema kutaja kabla ya kila mchezo ni nafasi zipi zinazotafutiwa majibu, kwa maana ukimya wao ndio unaoacha matokeo yatawale mjadala. Shabiki naye, badala ya kukimbilia ubao wa mabao, aandike kikosi kilichoanza na dakika za mabadiliko, kisha akilinganishe na kile kitakachoshuka uwanjani katika mechi ya kufuzu itakayofuata.