Ligi ilifutwa 1994, wao bado wanaimalizia mezani

PIGA picha chama lako linaongoza ligi. Zimebaki mechi 48, wapinzani mmewaacha nyuma na mtaani tambo ni zenu. Ghafla ligi inafutwa. Bingwa hakuna, kombe hakuna, na msimu unaofuata mabosi wanaanza kuwapiga bei mastaa wenu mmoja baada ya mwingine.

Hicho ndicho kilichowakuta mashabiki wa Montreal Expos mwaka 1994. Hii ilikuwa timu ya Canada iliyocheza ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Mpaka leo wapo watu wazima, wenye kazi na familia zao, ambao usiku wanakaa mezani na kuicheza ligi ile upya kwa kadi na dadu.

Mchezo wenyewe unaitwa Strat-O-Matic. Uliingizwa sokoni mwaka 1961 na jamaa wa New York, Hal Richman, ambaye alianza kuubuni akiwa dogo wa miaka 11.

Kila mchezaji ana kadi yake, iliyotengenezwa kwa takwimu zake halisi za msimu husika. Unarusha dadu tatu. Moja inaamua usome kadi ya nani: ikitoka 1 hadi 3, unasoma ya mpigaji, 4 hadi 6, ya mrushaji wa mpira. Mbili zilizobaki unazijumlisha, kisha unatazama mstari wa namba hiyo. Fundi kadi yake imejaa mapigo ya maana. Wa kawaida naye atabahatisha siku moja moja, kama ilivyo uwanjani.

Sasa hapo ndipo kazi ilipo. Ligi ya 1994 ilikuwa na timu 28 na kila moja ilipangiwa mechi 162, jumla mechi 2,268. Mechi moja mezani inakula kama nusu saa. Anayecheza mbili kila usiku bila kukosa atamaliza msimu mmoja kwa zaidi ya miaka mitatu, na matokeo yote anaandika kwenye daftari. Ni uvumilivu wa aina yake huo!

Lakini kwa 1994 wengi hawaoni hasara. Wamiliki wa timu walitaka kuweka ukomo wa mishahara, wachezaji wakagoma kuanzia Agosti 12. Septemba 14 msimu ukafutwa rasmi, na fainali za World Series zikakosekana kwa mara ya kwanza tangu 1904.

Siku mgomo unaanza, Expos ya kocha Felipe Alou ilikuwa na ushindi 74 na vipigo 40, rekodi bora kuliko timu zote za ligi, tena ikiwa miongoni mwa timu zenye mishahara midogo. Kilichofuata kinauma. Ken Hill, John Wetteland na Marquis Grissom waliuzwa, Larry Walker akaenda zake Colorado. Grissom akabeba ubingwa na Atlanta mwaka huohuo wa 1995, yaani na wapinzani walewale waliokuwa wanafukuzia kwa nyuma. Kufikia 2005 timu yenyewe ilishahamishiwa Washington na kubadilishwa jina.

Ndiyo maana watu wanarusha dadu. Tatizo ni kwamba kadi za 1994 zinajua mambo ya mpaka Agosti tu. Tony Gwynn wa San Diego aliachwa kwenye wastani wa .394, akiitafuta .400 ambayo Ted Williams aliifikia mwaka 1941. Ukirudia msimu huo leo anaweza kuivuka, kesho ukirudia akaishia mbali. Expos nao hivyo hivyo: kuna meza wanatwaa ubingwa, kuna meza Atlanta inawapindua Septemba. Kwa hiyo ubishi hauishi, na mwenye meza anachanganya kadi na kuanza tena.

Si mara ya kwanza mchezo huu kuziba pengo. Mwaka 1981, mgomo mwingine ulipozuia mechi ya mastaa huko Cleveland, dadu zilirushwa palepale uwanjani, majukwaa yakiwa matupu. Mwaka 2020 corona ilipochelewesha ligi, kampuni hiyo ilikuwa ikitoa matokeo ya mechi za kuigiza kila siku kwa kompyuta.

Ndani ya boksi la 1994 hakuna aliyeuzwa. Walker yupo, Grissom yupo, Wetteland yupo, na Pedro Martínez bado ni kijana wa miaka 22 ambaye Boston haijamwona. Daftari linafunguliwa, mechi ya 115 inaandikwa juu ya ukurasa, na dadu zinarushwa.